Heri Kujikwaa Dole

Lori la barafu lilikuwa limeshaliacha soko la samaki na kuanza kupandisha barabara kuu ya Alvarado, na nusu ya mji ikilifuata kwa kelele. Kwenye kiti cha mbele alikaa Fidencio Cházaro, fundi pancha, juu ya shuka safi aliyoitandika mwenyewe, mgongo umenyooka, mikono ameiinua hewani isije ikagusa kitu. Shati jeupe lenye mikunjo kifuani, suruali ya kitani, kofia ya ukindu laini, na viatu vya rangi mbili vilivyong'arishwa mpaka nzi akitua anateleza.

"Haya, njooni mtazame! Maiti ya tajiri inapelekwa mjini!" alipaza sauti muuza kaa.

"Maiti gani, huyo bwana harusi! Fidencio, umeposa tairi la mbele au la nyuma?"

"Chon, endesha polepole, usimwage marashi!"

Maneno hayo yameoshwa kwanza ndipo yakaandikwa. Alvarado ni mji ambao watu wake husalimiana kwa matusi, wala si kwa ubaya. Mama humwita mwanawe kula kwa tusi, mwana huitika kwa jingine, wakakaa wakala kwa amani. Mgeni akimaliza siku nzima hajatukanwa, ajue hajapendwa.

Fidencio alilihisi jibu likimpanda kifuani. Lilikuwa jibu zuri, limekamilika, ndani yake wamo mama wa muuza kaa na punda mmoja. Likafika kooni. Likagonga meno. Fidencio akatoa kichwa dirishani, akafumba macho, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote:

"COSAMALOAPAN!"

Barabara ikanyamaza. Kisha ikaangua kicheko ambacho kililisindikiza lori mpaka darajani.

Chon, mwenye lori, kaka wa marehemu mkewe Fidencio, aliendesha akimtupia jicho la pembeni. Halafu akashindwa kujizuia.

"Shemeji, hilo ni tusi gani?"

"Si tusi. Ni mji."

"Najua ni mji, nimepeleka samaki huko. Umekukosea nini?"

"Mwalimu kanifundisha. Tusi likipanda, nataja mji. Dogo, mji mfupi. Kubwa, mji mrefu."

"Na lile lilikuwa kubwa?"

"Lilikuwa na punda."

Chon akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeona mali ikitupwa. "Na yote haya kwa ajili ya kucheza ngoma na wazee."

"Danzoni, Chon, dansi ya taratibu ya wawiliwawili. Si ngoma. Na leo ndiyo leo!" Fidencio hakuweza kujizuia, akaruka kidogo kitini, shuka ikajikunja, akaanza kuinyoosha kwa ncha za vidole. "Leo mwaka wangu wa majaribio unaisha. Nikifika danzoni ya mwisho sijatoa neno chafu, Don Hermilo ananibandika beji hapa, kifuani. Kuanzia hapo mimi ni Don Fidencio, bwana wa kuheshimiwa. Bandari nzima."

"Na ukiteleza?"

"Nimetoka. Neno moja tu. Ndiyo sheria ya kikundi, na hakuna kurudi."

"Neno moja!" Chon akacheka hadi lori likayumba. "Wewe ukipiga chafya yanatoka matatu!"

Kweli, ndivyo alivyokuwa. Fidencio alifika umri wa kuitwa babu bila kuitwa Bwana na mtu yeyote. Mjini kwao alijulikana kwa lakabu aliyopewa utotoni, ambayo mkewe aliificha hata kwa padri siku ya ndoa. Hakujali. Mpaka jioni ile alipopeleka matairi Veracruz, mji ambao wote huuita Bandari, akapita kwenye kiwanja kidogo cha nyuma ya kanisa, akasikia klarineti.

Alisimama na grisi mikononi. Palikuwa na wazee wamevaa nyeupe, kila mmoja ameushika mkono wa bibi kama aliyeshika yai, wakicheza mahali padogo, polepole, hakuna anayeruka, hakuna anayejionyesha. Kisha wimbo ukarudi pale ulipoanzia, na wote, kama waliokatwa kwa kisu kimoja, wakasimama. Wakageukia wapiga muziki. Mabibi wakafungua pepeo, mabwana wakatoa leso wakajifuta jasho, wakangoja. Muziki unachemka, nao wamesimama tu! Halafu, bila mtu kuhesabu, wakaanza tena wote pamoja. Fidencio hakujua kabla ya hapo kwamba binadamu anaweza kusimama katikati ya utamu kwa sababu adabu imemwambia asimame. Alirudi Alvarado hakulala, si kwa huzuni, kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa kuna chumba kingine ndani ya nyumba yake.

Kikundi kile kiliitwa Tofali, maana mchezaji mwema, wanasema, hutosheka na tofali moja la kukanyaga. Kiongozi wake alikuwa Don Hermilo Arróniz, afisa wa forodha mstaafu, mwenye masharubu yaliyopigwa pasi. Aliposikia mwombaji anatoka Alvarado, alikohoa. "Hatujawahi kumchukua mtu wa kule," alisema. "Si kwa chuki. Kwa masikio yetu." Mwishowe akamkabidhi kwa mwalimu wa adabu wa kikundi, Doña Hortensia Lagunes.

Doña Hortensia alikuwa amefundisha maisha yake yote katika shule ya wasichana. Mrefu, mwembamba, na sauti nzito ya mvuta sigara. Akikuita gizani ungedhani ni nahodha. Upepeo wake mweusi haukutoka mkononi. Kwao ni Xalapa, alisema, juu kwenye ukungu na kahawa, ambako watu huomba radhi hata kwa kiti.

"Cházaro," alimwambia siku ya kwanza, "nionyeshe kucha."

Akazificha.

"Ndimu na sukari. Sugua mpaka uone aibu imetoka. Na usiniite mama, usiniite dada, wala usiniite kipenzi. Doña Hortensia."

"Na wewe utaniita Don Fidencio?"

"Siku utakayostahili."

Alimfundisha kutembea upande wa barabara ili matope yamrukie yeye, si bibi. Alimfundisha kuweka leso kati ya kiganja chake na mgongo wa bibi, jasho lisiharibu gauni. Alimpeleka mkahawani, ambako mteja hugonga bilauri kwa kijiko ili atiliwe maziwa. Fidencio aligonga kama anayetoa tairi kwenye rimu, bilauri ikapasuka, kahawa ikamwagikia padri. Mdomo wake ulifunguka. Kabla neno halijatoka, Doña Hortensia alishamfinya begani.

"Mji, Cházaro!"

"Tlacotalpan!"

"Mrefu zaidi. Hilo lilikuwa kubwa."

Jambo hili lilimshangaza mno. Mwanamke wa Xalapa alikuwa anayaona matusi yakija kwa mbali, kama mvuvi aonavyo mvua. Tusi la kawaida alilifinya kidogo, lile la kutaja mama za watu alilifinya mpaka alama. "Umejuaje nilitaka kusema nini?" Fidencio aliwahi kumuuliza. "Nimefundisha wasichana," alijibu, akafunga upepeo. Siku nyingine Fidencio alimletea wali wa Alvarado, ule wa majimaji wenye kaa na kamba, bado wa moto. Doña Hortensia alilitazama sufuria kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Huo ni wa watu wasiojua uma," akasema. Lakini sufuria lilirudi limekwanguliwa.

Basi lori likafika Bandari jua likiwa bado halijazama, likaegeshwa kando ya kiwanja, maji ya barafu yakichuruzika nyuma. Fidencio alishuka kama anayeshuka farasi. Chon akamzunguka, akamnusa.

"Kidogo tu," akasema. "Kwa mbali. Samaki mwenye elimu."

"Baki hapa. Na unyamaze, nakuomba kwa roho ya dada yako."

"Nitakuwa bubu."

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Viti vimepangwa, wenyeji wamekaa na aiskrimu zao, bendi inapima sauti, tarumbeta, ngoma mbili kubwa, na yule mzee wa kibuyu cha kukwaruza. Doña Hortensia alikuwa amevaa rangi ya maziwa, ua moja kichwani, viatu vya wazi mbele. Akamkagua Fidencio kuanzia kofia hadi soli.

"Kucha," akasema.

Akazionyesha.

"Hm." Hiyo 'hm' ilikuwa sifa, Fidencio alitamani angeitia fremu.

Wakacheza ya kwanza. Wakacheza ya pili. Mwili wa Fidencio ulikuwa umejaa nyuki, lakini miguu ilitulia juu ya tofali lake kama paka juu ya ukuta. Wimbo uliporudi mwanzo alisimama papo hapo, akageukia muziki, leso ikatoka, hakuwahi, hakuchelewa! Watu wa viti wakanong'ona. Bibi mmoja akasema, "Ni yule wa Alvarado? Hapana, wewe!" Fidencio alisikia. Masikio yake yalikuwa yanaungua kwa raha.

Zikabaki mbili. Kiongozi wa bendi akanyanyua mkono, akatangaza kama ilivyo desturi: "Jamaa! Danzoni hii ni kwa Bwana Fidencio Cházaro wa Alvarado, na wote wanaofuatana naye!"

"Oooo!" alipaza Chon kutoka kwenye lori, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Hii ilikuwa danzoni ngumu. Mwisho wake huenda mbio, na mchezaji mwema hukata pamoja na noti ya mwisho kabisa: muziki unakufa, na wewe umeshakuwa sanamu. Ukichelewa hata pumzi moja, kiwanja kizima kinajua. Karibu yao alicheza Don Hermilo mwenyewe na mkewe. Tarumbeta zikapanda. Kibuyu kikakwaruza. Fidencio akatabasamu kama mtoto, wakazunguka nusu, wakarudi, na pah! Wakakata.

Kiwanja kimya. Sanamu watupu.

Isipokuwa Don Hermilo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa bado hewani. Ulitafuta pa kutua, na ulipotua, ulitua na uzito wote wa forodha juu ya kidole gumba cha Doña Hortensia.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Doña Hortensia alijikwaa vyote viwili kwa pamoja. Nyuma ya upepeo wake, katika ukimya ule, kwa sauti yake nzito, ukatoka msemo mzima: ulianza na samaki, ukapita kwa bibi wa mtu, ukaishia mahali ambapo jua halifiki.

Hakuna aliyepiga makofi. Aiskrimu ziliyeyuka mikononi.

Fidencio alibaki ameganda, lakini si kwa aibu. Msemo ule aliujua. Kila mtu wa Alvarado anaujua, na hakuna mwanamume wa Alvarado anayeusema. Ni wa wanawake wa vibandani, wale wanaopasua kaa kando ya wangwa tangu alfajiri, vidole vikikatwa na magamba. Wameutunga wenyewe na ni mali yao. Mwanamume akiuthubutu, atachekwa mpaka kaburini. Haufundishwi Xalapa. Haufundishwi popote. Ni lazima uwe umezaliwa kati ya ndoo zile.

Akamtazama. Juu ya upepeo yalikuwa macho mawili tu, na macho yale yalikuwa ya msichana wa vibandani aliyekimbia umaskini na harufu, akajitengenezea mlima na ukungu, akaishi humo. Sasa yalikuwa yakingoja nyumba iyaangukie.

Don Hermilo alishaondoa mguu wake, akauweka mahali pengine kama asiyeujua. Akazungusha kichwa polepole. Vichwa vyote vilishamgeukia Fidencio. Nani mwingine?

Fidencio akavua kofia.

"Ni mimi, Don Hermilo," akasema. "Limenitoka. Niwieni radhi, mabibi na mabwana."

"Si yeye!" Chon akaruka kutoka kwenye lori, ububu umemwisha. "Mnasemaje nyinyi! Hilo hawezi kusema yeye, hilo ni la wana..."

"Chon!" Fidencio hakupaza sauti, lakini Chon alisimama kama aliyefika kwenye mapumziko ya danzoni. "Washa lori, shemeji yangu. Tafadhali."

Ile 'tafadhali' ndiyo iliyomnyamazisha. Hakuwa amewahi kuisikia kinywani mwake.

Don Hermilo alikuwa na beji mfukoni, tofali dogo la shaba. Aliishika bila kuitoa. "Inasikitisha," akasema. "Umecheza vizuri. Lakini sheria ni sheria."

"Ni haki yako, bwana." Fidencio akamgeukia Doña Hortensia, akainama kidogo, akampeleka hadi kitini kwake, upande wa nje, kama alivyofundishwa, akahakikisha amekaa, akampa leso yake kwa ajili ya kidole. Kisha akavuka kiwanja kizima peke yake, kofia mkononi, hakukimbia.

Kwenye lori Chon alikuwa anavuta nywele zake. "Unajua umefanya nini? Unajua? Kesho Alvarado nzima itajua umetukana tusi la kike! Mbele ya watu! Kwa hiari yako!"

"Najua."

"Watakupa lakabu mpya!"

"Ile ya zamani ilishachakaa," alisema Fidencio, na hapo akagundua kwamba moyo wake bado unaruka. Ajabu! Amefukuzwa, na nyuki wote bado wamo mwilini.

Bendi ikaanza danzoni ya mwisho. Fidencio alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya lori alipoona watu wa viti wananyoosha shingo. Doña Hortensia alikuwa amesimama. Alichechemea kupita katikati ya wachezaji, jambo lisilofanywa, akampita Don Hermilo bila kumtazama, akatoka nje ya mstari wa viti, hadi pale barafu ilipokuwa ikichuruzika. Akanyoosha upepeo wake, na hilo nalo halifanywi, mwanamke kumwita mwanamume.

"Don Fidencio," akasema. "Utanisamehe nikikuomba danzoni hii?"

Chon alianza kulia waziwazi, akisingizia moshi.

Wakacheza pale kwenye lami iliyolowa, kati ya lori na ukuta, juu ya tofali ambalo halikuwepo. Alichechemea, naye akamfuata kwa kuchechemea, mpaka ikawa ndiyo staili. Wimbo uliporudi mwanzo walisimama, wakageukia muziki wa mbali, yeye akafungua upepeo.

"Vibanda vya upande gani?" Fidencio aliuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuza uso.

"Vya mwisho kabisa. Karibu na gati la zamani."

"Nilijua. Sufuria lilirudi limekwanguliwa."

Doña Hortensia alipepea kidogo. Halafu, polepole, akilitafuna kila neno kama anayekula kitu alichokikosa kwa miaka mingi, akausema msemo ule wote tena, kuanzia samaki hadi mahali ambapo jua halifiki.

"Cosamaloapan," alijibu Don Fidencio, na wakaanza tena kwa pamoja, bila kuhesabu.

Mwezi uliofuata Doña Hortensia aliwaambia ukweli kwenye kikao cha Tofali, akajitoa. Don Hermilo alisema suala la beji litajadiliwa. Alifariki kwa sukari kabla halijajadiliwa, na beji haijulikani iliko. Mkewe alihamia kwa binti yake Puebla. Tofali bado wanacheza kiwanjani, wamebaki wachache. Chon aliuza lori, akafungua duka la barafu, likafungwa. Doña Hortensia alirudi Alvarado, akakodi vyumba viwili karibu na gati la zamani, akafundisha danzoni Jumamosi kwenye sakafu ya gereji ya Fidencio baada ya matairi kusogezwa. Hawakuoana. Alikufa mwanzo wa majira ya mvua, akazikwa na upepeo. Muuza kaa alijifunza kucheza, si vizuri. Fidencio aliendelea kuziba pancha hadi macho yalipokataa. Lakabu mpya alipewa kweli, na ni ya kike, na haiandikiki; lakini Alvarado hadi leo huitamka ikitanguliwa na Don.